Mama Godeberthe na Chupa za Kijani za Kliniki ya Presha

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Godeberthe Ntirampeba anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa miaka ishirini na sita. Funguo za kliniki ya presha atamkabidhi Dada Belyse, ambaye tumeshaanza kumwombea. Wanaodhani mama amechoka wajue kwamba anaondoka akiwa mzima, sauti yake ni ile ile, na jana tu alikuwa bado anamfokea mtu kwa kukunja miguu wakati wa kupimwa.

Mimi ninayeandika ni Emery wa dirisha la dawa. Wenzangu wamenichagua kwa sababu dirisha langu linatazamana na mlango wake, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kukosa neno lake hata moja, nipende nisipende.

Alianza kwenye chanjo, akahamia wodi ya wazazi, na huko ndiko alikojipatia heshima ambayo wengine huitafuta kwa uzee. Hapa kijijini kwetu Kashojwa kuna wanaume wenye ndevu ambao mpaka leo anawaita kwa uzito waliozaliwa nao. Dereva mmoja wa pikipiki, mtu mzito mwenye mke na madeni, akimwona Mama Godeberthe huzima injini mapema, maana anajua ataitwa Kilo Mbili na Robo mbele ya abiria. Wala hakasiriki. Anasema hakuna mtu mwingine duniani anayekumbuka habari zake za mwanzo kiasi hicho.

Wakati huo presha ilikuwa ugonjwa wa watu wakubwa, wenye magari na matumbo. Mkimbizi alikuwa na malaria, minyoo na mawazo. Mama Godeberthe ndiye aliyeanza kuwapima wakulima na wachuuzi waliokuja kulalamikia kichwa, akagundua kwamba mawazo yale yalikuwa yameshaingia kwenye mishipa. Akaomba apewe Alhamisi. Akapewa Alhamisi, benchi moja na mashine moja ya kupimia yenye mpira uliotoboka, akaiziba kwa kiraka cha baiskeli. Leo mabenchi ni matano na mashine zinatosha. Watu ambao hawakupooza kwa sababu yake hawawezi kuhesabika, kwa sababu mtu ambaye hakupooza haonekani. Anapita tu barabarani amebeba mkungu wa ndizi.

Sheria zake mnazijua. Unakaa kimya kwanza, miguu chini, mkono juu ya meza, na salamu zote unaziacha nje. Sheria hii ya salamu iliwatesa sana Warundi na Wakongomani kwa pamoja, kwa sababu kwetu mtu hawezi kuingia chumbani kwa mwenzie bila kuuliza habari za watoto, za ng'ombe na za mvua. Siku moja mgeni mkubwa alikuja na wapiga picha, akaomba apimwe ili picha itoke vizuri. Mama alimkalisha kama wengine. Wapiga picha nao wakanyamazishwa. Kimya kiliposhika sawasawa, mgeni alisinzia, na picha iliyotoka ndiyo hiyo.

Lakini habari za Mama Godeberthe haziwezi kukamilika bila habari za midomo. Miaka kadhaa iliyopita alimsindikiza mgonjwa wetu hospitali kubwa ya Mbarara, na mtu mmoja aliyekuwa amesimama mapokezi akageuza uso, akaziba pua na kusema, "Watu ya kambi, tunawajua mbele wafike." Mgonjwa alisikia. Mama Godeberthe naye alisikia, na neno hilo lilimchoma mpaka ndani, ingawa alikuwa akilisimulia huku anacheka. Alirudi na sheria mpya: hakuna mgonjwa wake atakayepanda gari la Mbarara kabla hajafungua kinywa mbele yake akaguliwe.

Basi wafadhili fulani walipotuletea maboksi ya dawa ya kusukutua mdomo, chupa za kijani zenye harufu kali ya mnanaa, kila idara iliyakataa. Dirisha langu lilikuwa la kwanza kukataa. Mama Godeberthe aliyachukua yote. Aliyapanga chumbani mwake mpaka mwanga ukapungua, akawa anagawa chupa kila Alhamisi kwa wagonjwa wa presha waliofika siku yao, kama zawadi ya utiifu. Sukutua asubuhi na jioni, aliwaambia, mpaka ulimi uwake moto. Aliamini dawa isiyochoma haina kazi. Yeye mwenyewe alisukutua kuliko wote, na ofisi yake ilinukia kama peremende.

Mtiifu wa watiifu alikuwa Mzee Natanaeli. Huyu ni mfugaji kutoka Kivu Kusini, shemasi kanisani kwao, ambaye alifika Nakivale macho yote mawili yakiwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akitofautisha mchana na usiku, zaidi ya hapo hakuna. Ng'ombe wake aliwajua kwa kupapasa pembe na watu aliwajua kwa sauti. Mkewe, Nyiramana, alimwongoza kwa fimbo, kila mmoja ameshika ncha yake, na walipogombana Nyiramana alikuwa anaiachia ncha yake tu, kisha anasimama pembeni kumsubiri aombe msamaha.

Mtoto wa jicho anatibika. Mbarara kuna siku za upasuaji wa macho, kazi yenyewe haichukui muda, na mtu anarudi nyumbani anaona. Sharti lilikuwa presha. Ikipita kiwango walichokiweka hawagusi jicho, kwa kuwa damu ikija kumwagika ndani ya jicho lililo wazi, jicho limekwenda. Na Mzee Natanaeli alikuwa na presha, tena ya ukaidi.

Mara ya kwanza walimrudisha. Presha ilikuwa imepita kiwango kidogo tu. Mama Godeberthe akalaumu chumvi, akaipiga marufuku nyumbani kwa mzee. Mara ya pili walimrudisha tena, akalaumu barabara. Mara ya tatu akamlaumu Nyiramana kwamba anamgombeza mume. Nyiramana, mwanamke mpole anayebeba madumu ya maji kutwa, alimtazama na kusema, "Miye? Ata nguvu ya kugombana sina, Mama." Dawa ziliongezwa. Kutoka aina moja zikawa mbili, kutoka mbili zikawa tatu, na zote zilipita dirishani kwangu, kwa hiyo naweza kuapa kwamba alizipata na kwamba alizimeza. Kila aliporudishwa, Mama aliona labda maandalizi hayakutosha, akamwongezea chupa. Kufikia mwisho wa mwaka jana Mzee Natanaeli alikuwa anasukutua asubuhi, mchana na jioni, na kinywa chake kilikuwa safi kuliko sahani za hospitali.

Safari ile ya tatu, wa Mbarara walisema neno zito. Jicho la kulia lilikuwa limekomaa kupita kiasi na halingevumilia kungojea mwaka mwingine. Likiachwa lingeharibika kabisa na upasuaji usingesaidia tena. Mama Godeberthe alipokea habari hiyo vibaya sana. Barua ya kustaafu ilikuwa imeshafika. Alituambia mezani, wakati wa chai, kwamba hawezi kwenda kupumzika huku amemwacha mtu gizani. Tulizoea kelele zake, lakini siku hiyo alisema taratibu, na chai yake hakuimaliza.

Sasa upande wa pili wa benchi alikuwa akikaa Venuste. Venuste ni Mrundi mwenzake Mama, anauza viatu vya mitumba sokoni, na kwa utiifu alikuwa wa mwisho. Alichelewa kila Alhamisi. Alipimwa akiwa na simu mpaka anyang'anywe. Alikula lengalenga kila siku, ile mboga ambayo Waganda huiita dodo na watu wa pwani mchicha, si kwa ushauri wa mtu bali kwa sababu mkewe Clémence halimi kitu kingine. Akiulizwa kama anasukutua, alijibu "Ndiyo, Mama" upesi mno. Na presha yake ilikuwa nzuri kama ya kijana, kwa kidonge kimoja tu. Jambo hili lilimuudhi Mama Godeberthe kupita maelezo. Alimwonya mara nyingi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Alhamisi iliyofuata guu la Venuste lilifika likiwa zima, limevaa kiatu kizuri.

Mwezi Machi alikuja Daktari Kalisa, ambaye hutoka Mbarara mara kwa mara kuwaona wagonjwa wetu wagumu. Alikuwa ameagiza kila mmoja aje na kila kitu anachokitia kinywani, dawa za kizungu, za kienyeji, hata za mchungaji. Nyiramana alifungua kitenge chake mezani. Vilitoka vidonge vya mzee, vyote sawasawa, kisha zikatoka chupa za kijani, tupu, zimeoshwa na kung'arishwa, akazipanga mstari mmoja kama askari.

"Dokta, yote hii amemaliza," alisema Nyiramana kwa fahari. "Asubui, midi, na mangaribi. Hakosake."

Mzee Natanaeli akafungua kinywa ili daktari ajionee. Daktari Kalisa hakutazama kinywa, alitazama chupa. Aliuliza nani mwingine anatumia. Mikono ikainuka benchi zima, na Mama Godeberthe akatabasamu kama mama mzazi kwenye sherehe ya shule. Daktari akapitia vipimo vya wale walioinua mikono, kisha akauliza kuhusu yule mwenye presha nzuri ambaye naye alikuwa ameinua mkono, ila si juu sana.

Venuste aliutazama mlango, akamtazama Mama, akaona hakuna pa kupitia. "Mama, unisamehe," alisema. "Miye ninapanguzaka nayo viatu. Inaondoa harufu mubaya kabisa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini viatu vya Venuste vinanukia mnanaa. Nina jozi yake mpaka leo. Nilikuwa nadhani ndivyo Ulaya inavyonukia.

Watu walicheka sana, isipokuwa Daktari Kalisa. Alituambia tusogee, akaeleza jambo ambalo nitajaribu kulirudia kama nilivyolielewa. Mwili wetu hutengeneza gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Kazi yake kubwa ni kuiambia mishipa ya damu ilegee, na mshipa ukilegea presha inashuka. Sehemu ya gesi hiyo inatokana na mboga za majani kama lengalenga. Lakini mboga peke yake haifiki. Kile kilichomo ndani ya mboga huingia kwenye damu, hurudi kinywani pamoja na mate, na juu ya ulimi kuna vijidudu vinavyokipokea na kukigeuza, ndipo tunakimeza tena na mwili unapata gesi yake. Vijidudu hivyo si wachafu, ni wafanyakazi. Dawa kali ya kusukutua haichagui, inaua wote. Na baadhi ya dawa za presha, zikiwemo zile za Mzee Natanaeli, hutegemea msaada wa gesi hiyo hiyo ili mishipa ilegee vizuri. Kidonge kilikuwa kinasukuma mlango, na sisi kila asubuhi tulikuwa tunamfukuza anayeuvuta upande wa pili.

Daktari alituonya tusifanye muujiza wa jambo hili. Kwa watu wengi tofauti ni ndogo, alisema. Ila Mzee Natanaeli alikuwa akirudishwa kwa tofauti ndogo.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mama Godeberthe alikaa kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya Natanaeli na Venuste. Mimi dirishani kwangu niliona kabisa kwamba alikuwa anazitazama zile chupa moja moja, na kwamba kila moja ilikuwa inamuuma. Alikuwa amezitoa kwa upendo. Alitaka watu wake wasigeuziwe uso Mbarara, na kwa kufanya hivyo alikuwa amewafungia mlango wa Mbarara. Mwishowe aliuliza swali moja tu: wale vijidudu wanarudi? Daktari akasema wanarudi wenyewe, wakiachwa.

Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya mabenchi yote. Hakuzunguka. "Ile dawa ya kusukutua, muiache," alisema. "Ni miye niliwapatia, na ni miye ninawanyanganya. Meno mupige muswaki kama kawaida. Ulimi muuachie wadudu yake." Kisha akapimwa mwenyewe, hadharani, na Daktari Kalisa aliyekuwa amerudi kutuona, na kipimo chake kikasomwa kwa sauti, nacho hakikuwa cha kujivunia. Mganga hajigangi. Tangu siku hiyo naye ana kadi ya kliniki.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa kituo kizima. Mama Godeberthe akishika jambo halishiki kwa mkono mmoja. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya chupa. Alihubiri lengalenga mpaka Wakongomani wakaanza kuificha sombe yao ya majani ya muhogo akipita. Mtu mmoja alikuja dirishani kwangu kurudisha vidonge vyake, akisema kwa kuwa mboga inalegeza mishipa, yeye atakula mboga tu. Kabla sijamjibu, jibu lilivuka uwanja kutoka mlango wa Mama. "Lengalenga inasaidia kidonge, haijakuwa kidonge. Chukua dawa yako uende." Mtu yule alichukua. Maboksi yaliyobaki yalipelekwa sokoni kwa Venuste, na Mama aliyatua miguuni pake.

Safari ya nne ilikuwa mwezi Mei, na Mama Godeberthe alisindikiza mwenyewe, nami nikapewa nafasi kwa sababu nilikuwa nafuata dawa za kituo. Kwa mara ya kwanza alivunja sheria yake. Hakumwambia mzee afungue kinywa. Hakukuwa na haja. Mzee Natanaeli alikuwa ameambiwa ale kama kawaida yake, naye alikuwa amekula lengalenga kwa maharage, dagaa wale tunaowaita ndagala, na kitunguu saumu, na alikuwa na furaha, na alikuwa na mengi ya kusimulia. Tulipofika Kabingo, bado njiani, vioo vyote vya gari vilikuwa chini. Mama alikaa karibu naye njia nzima, ameshika kitambaa mdomoni, akiitikia.

Mapokezi alitangulia yeye. Alisimama mbele ya mzee, mikono kiunoni, akingoja mtu yeyote ageuze uso. Nilimjua vizuri kiasi cha kuanza kuwahurumia. Lakini aliyekuwa mapokezi siku hiyo alikuwa dada mmoja mchangamfu aliyekuwa anakula katogo lake la ndizi, akatukaribisha, akaandika jina, akaendelea kula. Vita ikakosa adui.

Wakamkalisha mzee kimya, miguu chini, mkono juu ya meza. Mashine ikavuma. Mama Godeberthe, ambaye amesoma vipimo maelfu bila kupepesa, alifumba macho. Muuguzi wa pale alitazama namba, akatazama tena, akasema, "Huyu iko sawa. Mupeleke ndani."

"Mama, banasema nini?" aliuliza Mzee Natanaeli. "Bananirudisha tena?"

Mama Godeberthe alifungua kinywa amjibu na sauti ikakataa kutoka. Sauti ile inayovuka uwanja. Ikabidi Nyiramana amjibu mumewe, na alimjibu kwa kuishika fimbo na kuivuta kuelekea mlango wa ndani.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji jicho la kulia. Tulikuwa tumesimama wote pale. Mzee alipepesa, akatokwa na machozi, akafuta. Alimtazama kwanza mkewe, muda mrefu, akamshika mkono bila fimbo katikati. Kisha akauliza Mama Godeberthe yuko wapi. Mama akasema, "Niko hapa," na mzee akatazama juu ya kichwa chake. Akashuka kidogo. Akashuka tena, mpaka akamfikia, maana Mama Godeberthe, kwa wasiomjua, haufikii mfuko wa shati langu.

"Ni weye?" alisema. "Kumbe miaka yote niko naogopa mutu murefu."

Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kujua kilichotangulia. Alipomaliza alimwambia mzee anyamaze, kucheka kunatikisa jicho.

Mama Godeberthe atahamia Bwizibwera, si mbali na Mbarara, kwa binti yake, anayepokea maziwa ya wafugaji pale. Tumeshawaonya wafugaji. Jicho la kushoto la Mzee Natanaeli lina miadi mwezi Septemba, na tulimweleza Mama kwamba Dada Belyse ndiye atakayemsindikiza, kwamba kila kitu kimepangwa, na kwamba mstaafu hana wajibu wowote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema sawa, amefurahi, kazi iende kwa vijana. Kisha akauliza gari litafika Mbarara saa ngapi, kwa sababu atakuwa amesimama getini.

Asante, Mama, kwa Alhamisi zote, na kwa siku ile uliyosimama mbele ya watu wako ukasema ni wewe. Uende vizuri, uishi vizuri, presha yako ikae chini. Septemba mzee tutamleta, ameshiba lengalenga, hajasukutua. Safari hii atakutambua kabla hujasema neno.